Siku Yusuf Alipogeuka Manjano

Niliumbuka. Na walioniona nikiumbuka nitawataja wote, maana hakuna hata mmoja niliyemsahau.

Alikuwepo binti yangu Fatuma, mzazi, bado yuko ndani ya arobaini. Alikuwepo mwanawe Yusuf, kitovu kimeanguka juzi tu. Alikuwepo Dahabo, mama mkwe wa Fatuma, yaani bibi mwenzangu, katoka Balambala pamoja na mdomo wake. Alikuwepo jirani yangu Kadija, muuza maziwa ya ngamia. Alikuwepo Bishar mwenye mkokoteni wa punda, aliyemwoa dada yake Kadija. Na nesi mmoja Mkamba, tukimwita Sista Mueni. Na mimi Habiba, mwenye aibu.

Issack, mume wa Fatuma, hakuwepo. Alikuwa Bute kwa biashara ya mbuzi. Alhamdulillahi hakuwepo!

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Garissa, kabla ya ile mvua ya El Nino. Simu za mkononi hatukuzijua. Habari ilitembea kwa miguu, lakini ilifika.

Kwanza mjue jambo moja, ndiyo mtaelewa kwa nini nilipagawa. Yusuf hakuwa wa kwanza. Kabla yake alikuwepo Nasra, msichana, naye pia alilelewa nyumbani kwangu. Nasra aligeuka manjano. Kwanza uso, halafu kifua, halafu macho. Tulipofika hospitali, Mungu alishaamua. Fatuma hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo Yusuf alipozaliwa, nyumba nzima haikulala. Fatuma akiamka anaweka kidole chini ya pua ya mtoto asikie kama anapumua. Mimi nikiamka naweka changu. Usiku mwingine tuligongana vidole, kila mmoja akashtuka, mtoto akaamka, tukalia wote watatu. Kisu kiko chini ya mto kwa ajili ya majini. Unsi unafuka kwenye chetezo asubuhi na jioni. Dirisha limefungwa. Chumba cheusi kama tumbo la ngamia. Mgeni asiyesema mashallah hapiti mlangoni.

Ndipo Dahabo akatuma salamu kwa watu wa maziwa. Anakuja kumtazama mjukuu. Na asiporidhika, anawachukua mama na mtoto wakamalizie arobaini kwake Balambala. "Safari hii mtoto alelewe kwetu," ndivyo alivyosema. Kadija alinifikishia maneno hayo mbele ya Fatuma. Fatuma alimkumbatia tu mtoto, akageukia ukuta.

Moyo wangu! Nilijua akichukuliwa Yusuf, hakuna mtu Garissa atakayesahau kwamba nilinyang'anywa mjukuu kwa sababu sijui kulea.

Nikafagia. Nikaosha vitambaa. Nikamkanda mtoto mafuta ya simsim mpaka akang'aa. Halafu, mnisamehe, nikajikumbuka na mimi.

Mimi na Dahabo ni marika. Lakini siku ya harusi ya Fatuma na Issack, mwanamke mmoja alimwuliza Dahabo kama mimi ni mama yake. Mama yake! Neno hilo lilikaa tumboni mwangu kama mfupa. Sasa Fatuma alikuwa na kopo lake la huruud, ule unga wa manjano ambao wasichana hupaka usoni ngozi ilainike. Aliliweka kwa ajili ya siku ya kutoka arobaini. Nikachota. Nikakoroga na mafuta kidogo. Nikajipaka uso mzima, mzito, kama anayekandika nyumba. (Mwanamke mwenye wajukuu! Lakini nani angejua?) Nilipanga ukae kidogo, ninawe, nimpokee Dahabo nikiwa laini.

Nikaenda kwenye pipa. Pipa kavu. Maji yaliyobaki yalikuwa yale yaliyochemshwa ya kumwogesha mtoto, na hayo hayaguswi. Nikasema hakuna shida, Bishar yuko njiani na maji kutoka mtoni.

Aliyekuwa njiani ni Dahabo.

"Assalamu aleikum! Wenyewe wako?"

Nikavuta shuka langu la kichwani, juu mpaka kwenye nyusi, chini mpaka kwenye macho. Nikalibana kwa meno.

"Aleikum salaam, karibu, abaayo, dada yangu, karibu!"

Dahabo akanitazama juu na chini. "Habiba, mbona umejifunika kama bibi harusi?"

"Jino," nikasema. "Jino linaniuma, upepo ukiingia nakufa."

"Pole. Umri huo."

Umri huo! Nikameza.

Kadija naye kaingia na maziwa, kakaa mlangoni asikose kitu. Hapo Yusuf akaanza kulia. Sauti ya kumwonyesha bibi yake kwamba kwetu anateswa! Nikamchukua haraka kwa Fatuma, nikaenda naye pembeni kwenye giza, nikamwingiza ndani ya shuka langu. Nikamweka shavu kwa shavu. Nikamsomea. Nikambusu huku, nikambusu kule. Joto la Garissa mnalijua, jasho linanitiririka. Akanyamaza, akalala fofofo. Nikajisifu moyoni. Nikampeleka kwa Dahabo kwa mikono miwili, kama zawadi.

Dahabo alimbeba mpaka mlangoni kwenye mwanga, amwone vizuri. Akafunua kitambaa.

Akanyamaza. Dahabo, kunyamaza!

"Habiba," akasema polepole, "huyu mtoto mbona ni manjano?"

Niliruka. Nikatazama. Wallahi, uso ulikuwa manjano. Paji la uso, mashavu, mpaka kidevu. Nilimwona Nasra. Sikumwona Yusuf tena, nilimwona Nasra.

"Ni jicho!" Kadija akapiga kelele. "Dahabo, hukusema mashallah!"

"Nilisema moyoni!"

"Ya moyoni nani kaisikia?"

"Naa Kadija, usinitie wazimu! Nimtie jicho mjukuu wangu mwenyewe? Mtoto kaugulia humu ndani, kwenye moshi huu!"

Tukajaribu kumtazama macho. Tukamwita, tukampulizia. Yusuf kabana kope kama mtu aliyeambiwa alipe deni. Hakuna aliyethubutu kumgusa uso. Tuliogopa, kama vile tukimgusa ndiyo tutathibitisha.

Mimi nasema mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, twende naye sisi. Dahabo anasema mtoto atanyonya nini huko. Kadija anasema aitwe sheikh kwanza. Tunabishana. Kumbe Fatuma alishasimama zamani. Kavaa viatu. Uso mkavu.

"Arobaini mtanimalizia nyinyi," akasema. "Mimi naenda hospitali."

Tukatoka wote. Na nani yuko nje? Bishar, na punda wake, na mitungi ya maji mpaka juu.

"Waryaa Bishar! Shusha maji, tupakie mtoto!"

"Subirini niyapeleke kwenye pipa..."

"Mwaga!"

"Mama Fatuma, maji haya nimeyatoa mtoni jua hili!"

"Mwaga!"

Nikamwaga mwenyewe. Mtungi baada ya mtungi, pale mlangoni. Maji yale yale niliyokuwa nikiyasubiri ninawe uso! Yakapita katikati ya vidole vya miguu yangu, nami sikukumbuka. Wallahi sikukumbuka kama nina uso.

Tukapanda. Fatuma alikuwa anatetemeka, kwa hiyo nikambeba mtoto mimi. Jua lilikuwa kali, nikamfunika tena ndani ya shuka langu, shavu kwa shavu, nikisoma Ayatul Kursi. Kila hatua chache namchungulia. Na kila nikimchungulia, manjano imezidi!

"Inazidi!" nikalia. "Bishar, mpige punda! Imefika masikioni!"

Baadaye kidogo: "Imeshuka shingoni! Ya Rabbi, imeshuka shingoni!"

Fatuma alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, katika jua lile. Akaninong'oneza, "Hooyo, mama yangu, usiniambie tena. Twende tu."

Maneno hayo ndiyo ambayo sitayasahau katika siku ile, kuliko aibu yote.

Punda naye akachagua kusimama sokoni, mbele ya wauza vitunguu. Wanawake wakauliza kuna nini. Kadija akawajibu, na Kadija akijibu, anajibu mji mzima. Wengine wakaacha biashara wakatufuata, wanasoma dua kwa sauti. Bishar anavuta kamba, Dahabo anasukuma mkokoteni kwa nyuma, shuka limemwanguka mabegani. Tulifika zahanati, hospitali yetu ya karibu, tukiwa kama maandamano.

Sista Mueni alitokea mlangoni. "Mbona kelele? Nani mgonjwa?"

Tukamjibu sote kwa pamoja. Akainua mkono. "Mama wa mtoto peke yake ndiye aongee."

Fatuma akasema, "Wa kwanza alianza hivi hivi."

Sista Mueni hakusema tena neno la ukali. Akamlaza Yusuf mezani. Akamfungua kitambaa. Tumbo zima. Miguu mizima. Akamkuna nyayo, na yule bwana mkubwa aliyekataa kutufungulia macho sisi sote akayafungua mara moja. Sista akainama karibu. "Macho meupe kabisa," akasema. Akakunja uso. Akachukua pamba, akailowesha, akampangusa mtoto shavu.

Pamba ikawa manjano. Shavu likawa la Yusuf.

Akampangusa shavu la pili. Vile vile.

"Mmempaka nini huyu mtoto?"

"Hakuna!" Dahabo akasema. "Hatujampaka chochote, wallahi!"

"Hakuna!" nikasema na mimi, tena kwa nguvu kuliko wote. (Nisameheni. Nilikuwa naamini.)

"Basi nani amekuwa akimbeba?"

Dahabo akageuka akanitazama. Kadija akageuka. Wauza vitunguu waliojaa dirishani wakanitazama. Na hapo ndipo nilipousikia uso wangu. Ulikuwa umekauka, unavuta, unakatika kama ardhi ya Ijara wakati wa kiangazi.

"Mama," Sista Mueni akasema taratibu, "hebu toa hiyo shuka."

"Nina jino."

"Nitaliangalia."

"Bishar yuko mlangoni!"

"Bishar, geuka," Sista akasema. Bishar akageuka. (Nusu. Niliona jicho lake.)

Nikafunua.

Upande wa kulia, nilikokuwa nikimlaza mtoto, hapana kitu, nimefutika, ngozi yangu ya siku zote. Upande wa kushoto, manjano kama kiini cha yai, na michirizi ya jasho imepita katikati. Kwenye paji la uso, alama ya pua ndogo ya Yusuf.

Kisha Dahabo, mgeni wangu, mama mkwe wa binti yangu, mwanamke niliyetaka anione mimi ni laini, alikaa chini kwenye sakafu, akashika tumbo, akacheka mpaka hana sauti. Kadija alitoka mbio. Nilijua anakokwenda. Sokoni. Sista Mueni aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Na Bishar kule nje: "Na maji yangu je?"

Nilimtazama Fatuma. Huyo ndiye niliyemwogopa. Alikuwa amemshika Yusuf juu kidogo, anamtazama macho. La kushoto. La kulia. Tena la kushoto. Machozi yanamtoka, naye hafuti. Halafu akamgeuza, akaona shingo.

"Hooyo," akasema, "hata nyuma ya masikio?"

Akacheka. Tangu Nasra sikuwa nimemsikia. Nilikuwa nimesahau kwamba binti yangu akicheka hukoroma kidogo.

Tulipokuwa tunatoka, Sista Mueni alinishika bega. "Usione haya, mama. Ukimwona hivi tena, mlete vile vile, mbio. Heri mniletee wenye unga wote wa Garissa kuliko mgonjwa mmoja mkae naye nyumbani." Akaniongezea pamba. Ya kwangu.

Nyumbani, nilimwona Dahabo anaushika mfuko wake. Nikasema basi, ameona ya kutosha, anawachukua. Hata kubisha sikuwa na uso wa kubishia. Akautoa mkeka wake mfukoni, akautandika karibu na mlango wa Fatuma.

"Mtoto haendi Balambala," akasema. "Nilimwona mama yake akivaa viatu. Mtoto wa mama huyo yuko mahali salama. Lakini wewe, Habiba, huwezi kuachwa na mtoto peke yako. Nakaa."

Na alikaa, mpaka arobaini ikaisha. Vidole chini ya pua ya mtoto vikawa vitatu.

Basi, hivyo ndivyo ilivyokuwa. Umri umekwenda. Kama nimekosea jina la mtu, au kama punda alisimama kwa wauza nyanya na si kwa wauza vitunguu, nirekebisheni, sitakasirika. Kadija yupo, mwulizeni. Fatuma yupo. Ila Dahabo msimwulize. Yeye kila akisimulia, uso wangu unazidi kuwa manjano.