Hatua Mia Moja Kutoka kwa Ndege

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, kwenye ukuta wa duka, kwenye mlango wa kinu cha mahindi, na kwenye ubavu wa punda mmoja aliyekuwa amesimama muda mrefu kupita kiasi.

"IDARA YA HISTORIA ZILIZOANGUKA," lilisema, "ina furaha kuujulisha umma kwamba ile ndege ya kijeshi ya mizigo, iliyoanguka nyuma ya milima ya Shimba mwaka 1943 wakati wa Vita Vikuu vya Pili, bado haijaanguka kisheria. Mipango imekamilika ili ianguke rasmi."

Aliyeliandika ni Bwana Kitsao, Afisa Mkuu Msaidizi wa Idara, na alikuwa amelisoma mara kumi na moja bila kulichoka. Ndege ilikuwa imelala chini zaidi ya miaka themanini bila kibali cha kutua, bila faili, bila hata barua ya kuomba radhi. Watu walikuwa wakiishi kando yake hivi hivi, kana kwamba historia ni jirani wa kuazimana chumvi. Kitsao aliona haya kwa niaba ya serikali.

Masharti aliyatunga mwenyewe, usiku na mchana. Kipande cha ndege kikishathibitishwa, hakitaguswa, na asikae mtu wala mnyama ndani ya hatua mia moja kutoka kilipo. Wananchi wangepewa siku saba, na siku ya saba ingefika barua ya mwisho, yenye muhuri. Majengo ya umma, kwa kuwa serikali ni kioo cha jamii, yangefungwa papo hapo. Na yeyote atakayeona kipande asitoe taarifa, basi sheria nayo ingemwona yeye.

Kazi ya kupima hatua alipewa Rai, askari wa Idara, aliyechaguliwa kwa urefu wa miguu.

"Ukishafunga mahali, Rai, usimsikilize mtu," Kitsao alimwambia. "Hata nikija mimi mwenyewe kukubembeleza, usinisikilize."

"Nimesikia, bwana," Rai akajibu. Na kweli alikuwa amesikia.

Jumanne gari la Idara lilipanda hadi Kwa Munee, huko bara ambako mvua hunyesha ikikumbuka. Kipande kikubwa kilichosalia, kiwiliwili cha ndege kisicho na kichwa wala mkia, kilikuwa zizi la mbuzi tisa wa Bi. Kavindu, mjane wa miaka sabini na ushei. Mbuzi mmoja alichungulia dirishani, akawatazama wageni kama abiria aliyechelewa kufika.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mmekuja kwa heri?"

"Kwa heri kabisa. Tumekuja kukuhamisha."

"Basi kaeni kwanza mnywe chai."

Wakakaa. Kitsao akafungua daftari. Karani wake, Purity, msichana wa Nairobi ambaye bahari ilikuwa haijamfundisha kusema polepole, akafungua kompyuta.

"Tuanze na mashujaa," Kitsao alisema. "Ndani ya ndege alikuwamo jemadari gani?"

"Baba mkwe wangu ndiye aliyefika wa kwanza, na hakuona jemadari. Aliona vitunguu."

"Vitunguu?"

"Magunia kwa magunia. Na viatu vya askari, vyote vya mguu wa kushoto. Vya kulia vilipanda ndege nyingine."

"Na rubani?"

"Alitoka mzima, akauliza Nairobi iko wapi. Akaonyeshwa. Akaenda kwa miguu."

Purity aliacha kuandika. "Boss, hii history ni noma. Niweke tu vitunguu?"

"Andika: shehena ya kimkakati yenye harufu kali."

Palibaki suala la ushahidi. Mtu atajuaje kwamba bati hili ni la ndege, si la debe la mafuta? Kavindu aliinuka, akawaonyesha alama iliyogongwa kwenye pembe ya zizi. Baba mkwe wake, mzee Munee, alikuwa fundi wa bati. Ndiye aliyeikata ile ndege miaka na miaka, mabati yake yakaenda kuwa sufuria, milango na mapipa kuanzia Kinango mpaka Msambweni. Na mafundi wa zama zile walikuwa na desturi: kila mmoja aligonga alama yake, mteja asije akamrudishia kazi mbovu ya mwenzake. Bati la kawaida Munee alilitia nukta mbili. La ndege alilitia ukucha wa kuku.

"Kwa nini kuku?" Purity aliuliza.

"Alisema ndege aliyeshindwa kuruka ni kuku."

Kitsao alifurahi mno. Papo hapo akaandika kwamba ukucha wa kuku ni uthibitisho usiopingika, na hautapingwa hata na Idara yenyewe. Akatia sahihi. Akagonga muhuri.

Rai akaanza kupima. Hatua mia moja zikameza zizi, zikameza jiko, zikameza nyumba, zikapita mahali palipokuwa na msalaba wa mbao. Kavindu aliweka kikombe chini.

"Mume wangu yuko pale. Hatua arobaini. Mwaka wa kumi na mbili huu. Naye ahame?"

Kitsao alipekua masharti mbele, akayapekua nyuma. "Marehemu hawakutajwa, mama. Watasubiri waraka wao."

"Na mimi nikienda, nani atampalilia?"

Hapakuwa na fomu ya swali hilo. Kitsao akamaliza chai yake. Alimwonea huruma yule mama, ilikuwa huruma ya kweli, akaahidi moyoni kumwandikia barua ya kumhamisha kwa maneno ya upole.

Siku ya tano Kavindu alifika ofisini Ukunda kuomba. Aliambiwa asubiri nje, kwa sababu viti vya ndani ni vya watu waliokwisha kuhudumiwa. Jua lilikuwa kali. Kitsao alimwona dirishani akijisogeza nyuma ya ubao wa Idara, palipokuwa na kivuli. Ubao huo ulikuwa fahari yake. Aliusaka kwenye karakana kuukuu, bati gumu lisiloshika kutu hata kwa upepo wa bahari. Mama aliinua kichwa. Akautazama ubao kwa nyuma, kwa muda mrefu. Kisha akaingia.

"Mwanangu, nilikuja kuomba. Lakini kwanza nina kipande cha kutangaza, nisije nikaonwa na sheria."

Kitsao nusura amkumbatie. Wananchi walikuwa wameelimika! Purity alitoa fomu.

"Aina ya ushahidi?"

"Ukucha wa kuku."

"Kiko wapi?"

"Hapo nje."

Purity akaandika "hapo nje", akagonga muhuri mara tatu, na nakala akampa Rai kama ilivyotakiwa. Rai akatoka, akachungulia nyuma ya ubao, akageuka, akaanza kutembea. Kitsao alisikia "ishirini na mbili" ikipita ukumbini. "Ishirini na tisa" ilikuwa ndani ya ofisi yake.

"Rai! Wafanya nini?"

"Thelathini," Rai alisema.

Kufikia sitini, Mkurugenzi wa Idara, Bwana Ngala, alikuwa amekwisha kutolewa na kikombe chake mkononi. Kufikia mia, Idara nzima ilikuwa barabarani, pamoja na maafisa wawili ambao hawakuwa wameonekana kazini tangu Januari. Rai akarudi, akatia mnyororo langoni.

"Rai, fungua," Kitsao alisema. "Masharti hayo nimeyaandika mimi."

"Ndiyo, bwana. Ni mazuri."

"Nakuamuru! Basi nakuomba, ndugu yangu."

"Uliniambia utakuja kunibembeleza."

Mkurugenzi akafoka kwamba waraka uandikwe hapo hapo: palipoandikwa hatua mia moja, pasomeke hatua sifuri. Purity akauandikia gotini, Mkurugenzi akatia sahihi.

"Muhuri?" Rai aliuliza.

Wote waligeuka kulitazama jengo. Muhuri ulikuwa mezani kwa Purity, ndani.

Kavindu alikohoa kwa adabu. "Na ile barua yangu ya siku ya saba, wanangu?"

"Haitoki, shosho," Purity akasema, na hakuonekana kuhuzunika. "Yako haitoki, yetu haitoki."

Mwezi mmoja baadaye Kavindu alipita tena Ukunda, akitoka kununua jembe jipya la kupalilia. Idara ya Historia Zilizoanguka ilikuwa kando ya barabara, hatua mia na moja kutoka kwenye ubao wake, baina ya muuza mihogo na fundi wa baiskeli. Mkurugenzi alikuwa amejifunika faili kichwani. Kitsao alikuwa ameiva kama nyanya.

"Shikamoo, mama. Tusaidie. Kule kwako hukosi bati la kutukinga jua."

"Marahaba, mwanangu. Lipo, tena zuri, halishiki kutu." Alimtazama Rai, aliyekuwa amesimama wima kwenye mnyororo wake. "Ila lina ukucha wa kuku."

Rai akaanza kunyoosha miguu.