Vijiti Kwenye Aproni Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Binti yangu amepewa shule nzima! Si kuimiliki, ila ndivyo nilivyomweleza muuza maziwa. Ukweli wenyewe: mwalimu mkuu amemteua awafunze walimu wenzake mbinu mpya ya kufundisha. Wote, hata wenye mvi. Na nani alimzaa? Sisemi.

Mbinu ni hii. Hakuna kunyoosha mkono. Majina ya darasa zima yameandikwa kwenye vijiti, vijiti vimo koponi. Mwalimu anauliza swali, ananyamaza. Watoto wanafikiri, kila mmoja anamnong'oneza mwenzake wa dawati. Kisha kijiti kinachomolewa. Aliyetajwa ndiye atakayejibu, awe wa mbele, awe wa nyuma. Baadaye kijiti kinarudi koponi, ili aliyejibu asisinzie. Nikamwambia mwanangu, mbona ni bahati nasibu hii. Akasema mama, ndiyo maana wanakaa macho.

Alhamisi anakuja mkaguzi. Akiridhika, kila darasa litapata kopo. Asiporidhika, makopo jaani, mambo yarudi kama zamani: wachache wa mbele wanasoma, waliobaki wanasindikiza.

Jirani yangu Mama Stashahada (hawezi kuomba chumvi bila kutaja stashahada ya mwanawe, mwalimu wa hesabu shuleni hapo hapo) alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kopo la nini, kwani mwanao anauza karanga? Nikamjibu mwenye wivu ajinyonge, na uzi nitampa mimi. Kwa fundi cherehani haukosekani.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimepeleka mapazia shuleni. Kupima dirisha huweza kuchukua asubuhi nzima ukitaka. Nilitaka.

Binti yangu akachomoa kijiti. Msichana wa dawati la nyuma. Sare imekunjamana, vifungo nusu. Kimya. Ningeweza kupinda foronya nzima. Na mwanangu naye kimya! Anatabasamu tu, kama anayesubiri chai ichemke. Mwishowe mtoto akatoa nusu ya jibu. Akaambiwa vizuri, sasa itafute na nusu ya pili.

Nusu! Mkaguzi atoke kwake aje kusikiliza nusu?

Mchana yakawa mafunzo ya walimu. Wamekalishwa kwenye madawati ya watoto, nao wana vijiti vyao. Kikatoka cha mwana wa Mama Stashahada. Alikuwa anachungulia simu, hata swali hakulisikia. Magoti yamekwama chini ya dawati, kwa hiyo kusimama kwa heshima pia kukashindikana. Sikucheka. Nilijifuta macho kwa pazia.

Nimerudi nyumbani na wazo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Wazo ni jepesi. Mkaguzi awasikie wenye akili peke yao. Vijiti vya wengine vipumzike.

Nitawajuaje wenye akili? Fundi haulizi. Akili ya mtoto iko kwenye sare. Mwenye vifungo vyote ana akili zote. Pindo lililonyooka, kichwa kilichonyooka. Kama ni uongo, mbona binti yangu alikuwa nadhifu kuliko wote?

Wakati wa mapumziko nimesimama mlangoni na futi shingoni, namwuliza kila mtoto jina lake kama vile naangalia mishono. Halafu nimeingia kutundika pazia. Msichana wa nyuma: mfuko wa aproni. Mjukuu wa Mama Stashahada, shati nje linapepea kama bendera: mfukoni, na hapo niliona raha kidogo. Wamebaki koponi wachache, wote wamepigwa pasi.

Jioni mwanangu hakula. Akasema haogopi kwa ajili yake. Anamwogopea yule msichana wa nyuma, ambaye muhula mzima uliopita hakufungua kinywa darasani. Kopo likiondoka, atarudi kwenye kimya chake. Nikampapasa mgongo. Nikamwambia lala, mama yupo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mkaguzi ni mwanamke mfupi mwenye viatu vizito. Mimi nilikuwepo kwa sababu pazia moja lilikuwa halijakaa sawa. Mama Stashahada alikuwepo kwa sababu mjukuu wake eti alisahau kalamu.

Swali: kwa nini nguo hukauka upesi siku ya upepo? Kimya. Minong'ono. Kijiti.

Mvulana aliyepigwa pasi mpaka soksi. Akasema kwao anayefua ni shangazi, aulizwe yeye.

Kijiti cha pili. Msichana wa kola nyeupe kama karatasi. Akasema kwao nguo hukaukia kabatini.

Kijiti cha tatu. Wa soksi tena! Akasema shangazi bado hajafika.

Mkaguzi akaandika kitu. Mama Stashahada akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mimi nikahesabu pindo za pazia.

Ndipo yule msichana wa nyuma akasimama. Hakuitwa na mtu. Akasema mwalimu, mimi simo koponi. Akaulizwa amejuaje. Akasema anaijua sauti ya kopo lao, huisubiri kila siku, na leo linalia tupu. Na leo jibu analo. Na hakukaa. Mjukuu wa Mama Stashahada akaruka: basi na mimi simo! Darasa zima likaripuka. Simo! Simo! Mimi pia simo!

Mwanangu akamimina vijiti mezani. Akavitazama. Kisha akamwambia kila mtoto aandike jina lake kwenye kikaratasi. Kopo likajaa, likatikiswa. Kikatoka cha mjukuu wa Mama Stashahada. Akasema upepo unayachukua maji. Nusu! Akaambiwa amwite mwenzake wa kumsaidia. Akamwita msichana wa nyuma, wanakaa dawati moja, ndiye aliyemnong'oneza.

Msichana akaeleza taratibu. Hewa iliyo karibu na nguo hulowa, ikijaa maji haichukui mengine. Upepo unaisukuma ile, unaleta kavu. Anajua, kwa sababu ana sare moja, huifua mwenyewe kila akitoka shule, na siku isiyo na upepo huivaa mbichi.

Nikatazama ile sare iliyokunjamana. Nikatazama dirisha.

Kisha nikasimama kupiga makofi, maana anayefundisha ni mwanangu. Vijiti vikamwagika kutoka kwenye aproni. Vyote. Sakafu ya saruji haijui kuficha siri.

Binti yangu alisema neno moja tu: Mama.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Imepita! Mkaguzi amesema amekagua madarasa mengi lakini hajawahi kuona watoto wakigomba kwa sababu hawajaulizwa. Kila darasa litapata kopo, na kila mwalimu atatembelewa na mwenzake.

Mwanangu hakunisemesha mpaka chai ya jioni. Kisha akanieleza kwa upole, kama anavyowaeleza wao. Mtoto akijua hataitwa, anaacha kufikiri. Kijiti ndicho kiti chake darasani. Akaniuliza mama, umeelewa? Nimeelewa yote.

Yule msichana nimemwita, nimemshonea vifungo vyote na sare ya pili juu. Sasa akili zitamjaa.

Mama Stashahada anatangaza mtaani kwamba mjukuu wake ndiye aliyeiokoa shule. Mwanawe amejifanya mnyonge, ameomba kopo. Jumatano mkaguzi atarudi kulitazama darasa lake la hesabu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimekaa nimefikiri. Watoto walisimama kwa sababu gani? Kwa sababu vijiti havikuwemo. Na nani alivitoa? Sisemi. Bila mimi mkaguzi angesikia majibu ya kila siku, angekunywa chai akaenda zake. Mwanangu hajaliona hilo. Bado mchanga.

Makopo ya shule nzima hayapatikani, nikajitolea kushona mifuko ya vijiti. Alinikumbatia! Akasema sasa mama ametulia.

Mifuko imetoka mizuri, ya bluu, na kamba ya kukaza mdomo. Wa darasa la hesabu nimeutia bitana. Na katikati ya bitana na kitambaa nimeacha kijifuko, mahali pa vijiti kupumzika Jumatano. Hakionekani hata ukiupindua mfuko wote.

Mkono wangu unaingia vizuri kabisa.