Riwaya Yangu na Mikate ya Mama Marceline

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Riwaya imeisha. Mwishoni nililia mwenyewe, alama nzuri. Donc mimi Nasra, mwanafunzi wa sekondari, sasa ni mwandishi wa kujitegemea. Maana yake: hakuna mutu wa kunichapishia. Ila tonton Bilali, mdogo wake papa, mwenye duka la fotokopi hapa Mangobo. Amesema mashine yake haili hadithi, inakula wino. Nimletee majina ishirini ya watu watakaonunua kitabu, kabla ya Jumamosi jioni, naye atachapa. Nisipoleta, karatasi zinaenda kwa Waziri.

Waziri tunasoma naye. Ameandika kitabu cha mapenzi chenye makosa ya Kifaransa hadi kwenye jalada. Anazunguka darasani na daftari, anaomba watu wajiandikishe, mmoja mmoja, bila haya. Maskini. Mwandishi wa kweli haombi. (Tena mimi nikisema na watu wawili pamoja, sauti inanikimbia. Lakini hilo ni jambo lingine.)

Jina langu la kalamu: Commandant Tempête, yaani Kamanda Dhoruba. Binti wa Mangobo, nani atamnunua?

Jumanne, tarehe 10

Nimepata mpango. Mama Marceline anakaanga mikate kwenye kona ya duka la tonton, na asubuhi Mangobo yote inapita pale. Anaifunga kwa karatasi yoyote, hata mitihani ya zamani. Bon. Nimechapa sura ya kwanza nyuma ya karatasi zilizoharibika dukani kwa tonton. Chini: "Inaendelea kitabuni. Andikisha jina kwa Bilali." Nikaweka rundo karibu na beseni lake, nikakimbia.

Publicité, tangazo la bure. Sioni tajiri aliyewaza vizuri kuliko hivi.

Jumatano, tarehe 11

Imefaulu kupita kiasi. Nilijificha nyuma ya mlango wa duka, nikaona yote. Papa Émile, dereva wa taxi-moto, alipata ukurasa wa tatu, akaanza kutafuta nani iko na wa nne. Mwenzake alikuwa anajifutia mafuta nao. Papa Émile akamnyang'anya: eti wewe unajipangusa mdomo na Madina, na pirogue yake inazama mtoni? Madina ni shujaa wa riwaya yangu. Watu wakanunua mikate mara ya pili ili kupata kurasa walizokosa.

Majina kwa tonton: hakuna bado. Ni kawaida. Soko linapashwa moto kwanza.

Jioni Mama Marceline akaniita. Anajua karatasi zinatoka kwangu, ila anadhani Commandant ni askari mzee aliyestaafu, mimi ninamchapia tu. Akasema nimwambie yule mzee alete sura ya pili, maana leo beseni liliisha kabla watoto hawajaingia shule. Nilitaka kusema hapana. Ulimi ukakataa. Nikasema ndiyo, mama.

Alhamisi, tarehe 12

Nimetoa ya pili, ya tatu na ya nne. Sasa papa Émile anasoma kwa sauti, amekaa juu ya taxi-moto yake, na kila mutu anamletea ukurasa wake umelowa mafuta. Mama mmoja akasema huyu Commandant lazima aliachwa na wanawake watatu, anajua maumivu. Nilifurahi.

Waziri akapita. Ana majina kumi na moja, mengi ni ya wajomba wake. Akaniuliza mimi nina mangapi. Nikamjibu kwamba mimi nina wasomaji, yeye ana familia. Yaani nilimjibu moyoni. Kwa mdomo nilisema bonjour.

Ijumaa, tarehe 13

Ya tano hadi ya nane. Imebaki sura ya mwisho. Hiyo siitoi. Hata mtoto anaelewa kwamba mwisho ndio unauza kitabu.

Baadaye. Mama Marceline amekuja nyumbani. Alikaa na mama, akanywa chai, akasema wateja wameapa: kesho bila mwisho hawagusi mikate yake, wanahamia kwa jirani, yule anayekaanga mikate migumu kama mawe ya reli. Akanishika mkono mbele ya mama. Binti yangu, okoa mama yako.

Nimeitoa. Rundo zima, itoshe watu wote.

Na kwa kweli, mutu akipenda mwisho, atataka kitabu kizima. Ni mantiki.

Jumamosi, tarehe 14

Nimekaa dukani tangu asubuhi, kalamu mkononi. Nje papa Émile akasoma mwisho. Madina alipofika hai ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, madereva walipiga honi zote. Wawili walilia. Kisha watu wakageuka, wakaingia dukani kwa wingi. Nikafungua kalamu.

Walitaka kumsalimia Commandant.

Tonton akauliza nani anaandikisha jina. Papa Émile akamjibu kwa heshima kabisa: "Tonton Bilali, mutu akisha kula akashiba, unamuuzia tena sufuria?" Wakacheka, wakaenda kazini.

Jina moja tu liliandikwa, la Mama Marceline. Alisema wiki nzima alikuwa anageuza mikate, hajasoma hata mstari, na anasikia ni kizuri.

Halafu Waziri akaja na majina ishirini na mawili. Mashine ikawashwa kwa ajili yake. Tonton akaniambia polepole: mwanangu, kaa chini, fikiri umekosea wapi.

Jumapili, tarehe 15

Nimekaa. Nimefikiri. Tatizo lilikuwa mafuta.

Karatasi yenye mafuta haiwekwi. Inatupwa, na jina la duka linatupwa nayo. Karanga, kwa mfano, ni kavu. Mamie, bibi yangu, anauza karanga kwenye kivuko cha Lubunga, anazifunga kwa karatasi alizozikunja kama pembe, na wateja wake hawana kazi ila kungoja pirogue na kusoma. Na riwaya nyingine ninayo, niliiandika mwaka jana.

Kosa la pili: niliwangojesha watu sura kwa sura. Ndiyo maana walichoka na hawakununua. Basi leo nimevuka, nimempelekea Mamie riwaya hiyo nzima kwa mara moja, nakala hamsini, sura ya mwisho juu ya rundo, ionekane kwanza.

Tonton ameniuliza kama nimefikiri. Nimemwambia aagize karatasi nyingi.