Vita vya Kihara na Kahawa Iliyotambaa

Enyi watu wa Gakindu, nanyi wa mabonde yote ya Mukurweini mnaopanda vilima na magunia mgongoni, tueni mizigo mkae chini, maana sasa inasimuliwa habari ya Kihara mwana wa Wakonyo, mshika jembe asiyechoka, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mto, jinsi alivyopigana na kahawa moja hata ikasimama.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka ule mvua ya Aprili ilipokataa kwisha. Udongo ulimeguka usiku kucha, na asubuhi ukauburuta mti wa kahawa uliokuwa mbele ya mlango wa mama yake. Kihara aliurukia, akakamata tawi la pembeni, akavutana na kilima kizima. Kilima kikachukua mti, na shujaa akabaki na tawi mkononi na matope hadi kwenye nyusi.

Wakonyo, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha ingia ukungu, akasema mlangoni, "Kihara, mti ule nilipanda mwaka wa Uhuru. Nataka usimame hapa tena kabla sijaenda."

"Mama, utasimama!" akanguruma Kihara. "Mlima Kenya na usikie!"

Akachomeka tawi udongoni, akalifunika kwa nailoni, akalilinda kama mfalme aliye mgonjwa. Na tazama, tawi lililokatwa likatoa mizizi! Kihara akalipanda mbele ya mlango kwa vigelegele. Lakini mti ulikua kwa kulala. Ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukatambaa hadi kizingitini; juu haukwenda.

Hapo vita vikaanza. Kihara akapiga vigingi, akaleta kamba za katani, akaufunga ule mti wima kama mateka. Kila alipoufunga, ncha yake iligeuka taratibu, ikalala tena. Shemeji yake Muriithi akaja kuegemea ua.

"Shemeji, ati hii ni kahawa ama ni malenge? Niambie nilete sufuria."

"Cheka, Muriithi! Cheka mpaka meno yako yapigwe na baridi! Kuna siku utasimama hapa bila neno!"

Wakonyo hakucheka. Kila asubuhi alitoka, akapapasa hewani mahali mti ulipopaswa kuwa, akarudi ndani. Jambo hilo lilimuuma Kihara kuliko malenge yote ya Muriithi.

Ndipo akaja jirani yao Wawira, mwana wa Embu, mwalimu wa sayansi shule ya sekondari. Akautazama ule mti uliofungwa, akachukua kibonge cha uzi ambao Wakonyo alikuwa akifumia sweta.

"Mzee, unaupiga bure. Kila chembe ya mti huu iko na uzi mmoja, na kwa uzi huo kumeandikwa mti wote: mzizi, shina, tawi, ua. Uzi ni mrefu, kwa hivyo umezungushwa kama huu wa shosho. Penye kukazwa hapasomeki. Penye kulegea panasomeka. Tawi la pembeni limekaza pale pamesema 'simama'."

"Na mizizi je? Tawi lilijuaje kuwa mzizi?"

"Kidonda kililegeza pa mizizi. Pa kusimama hakikugusa."

Kihara akafikiri kwa nguvu zote. "Basi nitalegeza mimi. Niko na koleo, niko na panga."

"Panga haifiki huko, mzee! Ngoja mti uzae. Mbegu inapotengenezwa, uzi unafunguliwa, unaanza upya."

Basi mshindi wa vilima akang'oa vigingi vyake mwenyewe, akaketi kungoja, na kungoja kulimtesa kuliko kupigana. Mwaka uliofuata adui yake alichanua. Mvua ya mawe ikapiga maua, ndege wakaja kwa matunda, na likaiva moja tu. Kihara akalimenya kwa meno, akaipanda mbegu palepale mlangoni.

Baada ya majuma mengi udongo ukapasuka. Ikatoka shingo nyembamba, nayo imejipinda, kichwa bado ardhini.

"Hata mtoto analala!" akapaza sauti Muriithi. "Ukoo ni mmoja!"

Kihara akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti ilimwisha.

Asubuhi ya tatu akatoka na mama yake, Muriithi akiwa tayari ameegemea ua. Ile shingo ilikuwa imenyooka, imebeba punje yake kichwani kama kofia ya chuma, wima kuliko makurutu wa polisi wa Kiganjo. Wakonyo akapiga magoti, akaugusa mche kwa ncha ya kidole kutoka chini, polepole, hadi juu.

"Huu umesimama," akasema. Machozi yakamtoka. Kisha akageuza kichwa. "Nasikia jogoo anakaribia. Nyinyi wanaume mnaangalia nini?"

Na iandikwe, vizazi vijue, kwamba siku ile Kihara na Muriithi, bega kwa bega, walikilinda kijiti chenye urefu wa njiti ya kiberiti dhidi ya jogoo mmoja mwenye hasira, wala hakikuanguka.