Kadi Iliyoisha Tarehe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mkutano wa kikundi chetu cha kina mama, nyumbani kwa Gertrude. Tulijaa. Hata wa mbali walifika, kwa sababu leo Alexander wa benki alikuwa analeta jibu la mkopo wa mashine ya kusaga. Tumechoka kupeleka mahindi kwa boda mpaka Maungu. Nilivaa kitenge kipya. Nilikuwa nimeshaamua mashine itajengwa upande gani wa njia. Upande wangu.

Alexander akanywa chai, akala mahamri, akapangusa mdomo, ndipo akasema mkopo umekwama. Majina yetu yamepitishwa CRB, kule wanakoandikwa watu waliokopa wakanyamaza. Yote ni safi isipokuwa moja. Gertrude akamwambia alitaje hilo jina. Akasema sheria haimruhusu, hata kama ni la mama yake mzazi. Mwenyewe anajijua, aende akalipe. Tukifika mkutano wa tarehe kumi na saba bila jibu, faili inafungwa.

Nikaangalia mahamri yaliyobaki.

Ni mimi. Wacha niandike tu, hapa hakuna anayesoma.

Nilipokuwa napika kwa lodge ya watalii, kijana wa benki alituletea kadi mpaka jikoni. Akasema ni za wafanyakazi wanaoaminika. Nikadhani benki inanishukuru. Nikanunua godoro, sanduku la shule la binti yangu Wendy, viatu vya baba yake, na siku moja keki, bila sababu. Halafu corona ikaja, lodge ikafungwa, mshahara ukakatika. Barua zikaanza. Mimi nikaitazama kadi, nikaona imeandikwa tarehe ya kuisha. Nikangoja. Tarehe ilipopita nikaitia kwenye moto wa jiko ikaungua, nikashukuru Mungu, na barua nikaacha kuzifungua. Maziwa yakiisha tarehe unamwaga. Nani alijua kadi inaisha na deni linabaki?

Gertrude akasema kila mtu alete cheti cha kuonyesha jina lake ni safi. Nikasimama haraka. Nikasema vyeti ni gharama, kuna kina mama hapa hawana hata ya sabuni, tuaminiane kama Wakristo. Wakanipigia makofi. Nikakaa nikijisikia mwerevu sana.

Lakini Gertrude akasema sawa, basi tutumie akili. Nani kati yetu ameelemewa? Macho yote yakaenda kwa Syombua. Ndovu walimaliza mahindi yake Januari, na anakopa unga kwa duka la Gertrude, kila mtu anajua. Syombua akainama kama anatafuta kitu kwa kiatu.

Na mimi nilimwangalia. Rafiki yangu. Mungu anisamehe, shingo iligeuka yenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata njia. Nitajitoa kwa kikundi. Nikitoka mimi, jina baya limetoka, Syombua anapumua, mashine inakuja. Sababu itakuwa magoti.

Nimeenda kwa Gertrude nikichechemea tangu kwenye lango. Nikamwambia siwezi tena mikutano, magoti yamekataa. Akanikalisha. Akanisugua na mafuta yanayowasha. Akasema kikundi hakimwachi mgonjwa njiani, na tena orodha ya majina iko benki tayari, mtu mmoja akitolewa tunaanza kujisajili upya. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo mashine inafaa kukaa upande wake, ili mimi na magoti haya nisisumbuliwe na kelele.

Nimerudi nyumbani miguu ikiwaka moto.

Jumatano, 5 Machi

Wamekuja kuniombea. Kikundi chote, wakiimba tangu barabarani. Walichangishana pesa ya dawa ya magoti. Gertrude akatoa ya kwake akitaja kiasi. Syombua alikuja mwisho. Aliuza mayai aliyokuwa ameyaweka yaanguliwe, akaniwekea ile pesa mkononi, akaufunga mkono wangu ndani ya wa kwake. Akasema, Mama Wendy, pole.

Nililia. Wakafikiri ni magoti, wakaongeza wimbo.

Alhamisi, 6 Machi

Voi. Nilikuwa nimeona bango kwa mti wa stima: TUNASAFISHA CRB, SIKU MBILI, HATUULIZI MASWALI. Hilo la maswali ndilo lilinivuta.

Mwenye bango anaitwa Thadeus. Anauza pia kava za simu na sumu ya panya. Kijana mtaratibu, ananiita mamangu. Nikamuuliza jina linasafishwaje. Akasema liko ndani ya kompyuta Nairobi, na yeye ana mtu wake ndani ya hiyo kompyuta. Nikamwambia mimi sikusoma sana, lakini mtu anakaaje ndani ya kompyuta? Akacheka, akasema mamangu, ni maneno ya kazi. Nikaona aibu kuuliza tena.

Nikampa pesa ya magoti. Yote, na ya mayai ndani yake. Nitarudisha. Hii ni kwa faida ya Syombua mwenyewe, akijua atafurahi. Asijue lakini.

Jumamosi, 8 Machi

Ujumbe umeingia asubuhi kwa simu: Mpendwa Teresia, jina lako sasa ni safi. Nimeusoma mara nyingi. Nimeosha nyumba yote, nimeosha hata mlango.

Mchana akaja Syombua. Hakuita akiwa mbali kama kawaida yake. Alikaa kwa kigoda, akaniambia Gertrude alipita kwake jana na kina mama wawili. Walimwambia kwa upole kwamba wanajua, wanamwelewa, na angefanya vizuri kukaa kando ili wengine wapate. Walimletea na kilo mbili za unga.

Nikamuuliza alijibu nini. Akasema aliwashukuru kwa unga. Akasema labda ni yeye kweli. Wakati wa ndovu aliwahi kukopa kwa simu akalipa, lakini yeye hajui kusoma zile meseji, labda kuna kitu kilibaki. Akaniomba nimsindikize Voi tukaulize, kwa sababu mimi nimefanya kazi na wazungu na siogopi ofisi.

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa.

Nikamwambia chai iko tayari. Nikamwekea sukari vijiko vinne, na mkate, na siagi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeota mambo yamenyooka. Alikunywa yote. Akaniambia mimi ndiye peke yangu ambaye sikumtazama vibaya.

Si kitu. Jina limeshasafishwa. Jumatatu naenda kulitazama kwa macho.

Jumatatu, 10 Machi

Halikusafishwa.

Nilienda benki ile ya kadi. Nikakaa na msichana mmoja mpole mwenye miwani. Nikampa kitambulisho, nikamwambia nimekuja tu kusalimia jina langu. Akabonyeza, akasoma. Deni liko. Limekaa hapo miaka yote hii na limezaa. Nikamwonyesha ujumbe wa Thadeus. Akaniuliza nilimpa pesa ngapi. Nikamwambia ni pesa ya magoti. Hakuuliza zaidi.

Akataka kujua mbona sikuja mapema. Nikamweleza habari ya tarehe ya kadi. Hakucheka. Alivua miwani akaipangusa muda mrefu, na miwani haikuwa chafu.

Akaniambia hivi, na nimeshika yote. Jina halifutwi na mtu wa bango. Nikilipa, benki itaandika kwamba nimelipa, na nitapewa barua. Ile habari ya zamani itaonekana bado miaka kadhaa, lakini karibu yake itaandikwa imelipwa. Akaniuliza ninaweza kutoa nini kwa mara moja, aombe nisamehewe sehemu ya riba. Nikafikiria mtamba wangu, nikamtajia bei yake. Akaingia kwa mkubwa wake, akatoka. Wamekubali.

Nikamuuliza kama hiyo ya zamani haiwezi kupakwa rangi kidogo. Akasema hapana, mama.

Nilipita kwa Thadeus. Bango liko. Yeye hayuko. Sumu ya panya sasa inauzwa na mwanamke mwingine ambaye hamjui.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Baba Wendy, yuko Chala kwa mashamba ya ndizi. Nikamwambia nataka kuuza mtamba. Akauliza kama ni mgonjwa. Nikasema kidogo. Akauliza ni nini. Nikasema magoti. Akasema basi niuze haraka kabla hajalala chini. Baba Wendy ni mtu mwema, na wema wake unanichosha kuliko ukali.

Dalali amekuja jioni. Mtamba alimfuata bila kugoma, kama anaenda malishoni. Mzaliwa wa nyumbani. Nilimkata kitovu mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelipa. Barua ninayo. Nimeifunga kwa leso, leso kifuani.

Sasa mpango wa mwisho, na huu hauna shimo. Nimempigia Alexander, nikamsomea barua. Akasema hiyo inatosha kufungua faili, hongera mama. Nikamwomba kitu kimoja: Jumatatu aseme tu kwamba shida imekwisha, asitaje mtu. Akasema hata angetaka hawezi. Kwa hivyo mashine inakuja, Syombua anabaki, na hakuna anayejua chochote. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 17 Machi



Alexander alisimama akasema kwamba mwenzetu aliyekuwa na shida ameitatua kama mtu mzima, na faili imefunguliwa. Hakutaja mtu. Kama tulivyopanga.

Gertrude akainuka. Akaenda moja kwa moja kwa Syombua, akamkumbatia. Akasema, Mama Nzau, umetutoa aibu, sijui umepata wapi hizo pesa na sitauliza, kina mama tumpe makofi ya kilo, yale mazito. Wakapiga. Mmoja akaanza vigelegele. Mwingine akasema kwa sauti kwamba kukosea ni kwa kila mtu, wamemsamehe.

Syombua alisimama katikati yao mikono ikining'inia. Akasema, lakini mimi sijalipa kitu. Wakacheka kwa upendo. Gertrude akamwambia unyenyekevu ni mzuri. Akasema tena, sijalipa, sikuwa na deni, nilienda Voi peke yangu nikauliza nikaambiwa niko safi. Hakuna aliyesikia. Walikuwa wameshaanza wimbo.

Akanitafuta kwa macho. Si kwa kunishuku. Kwa kuomba msaada, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuongea.

Mpango ulikuwa umefaulu, ndio ulikuwa unafaulu pale mbele yangu. Ningekaa tu.

Nilisimama. Magoti yaliuma kweli, mara ya kwanza. Nikasema jina ni langu. Wimbo ukakatika vipande, wengine waliendelea peke yao kidogo. Nikaeleza kadi, jiko, tarehe. Nikatoa barua kifuani. Nikasema kwamba Syombua hajawahi kuwa na deni la mtu ila unga, na huo analipa.

Gertrude aliniangalia sana. Akasema, Mama Wendy, wewe ndiwe ulisema tusilete vyeti. Nikasema ndiyo. Akaketi. Hakuniongezea neno, na mimi ninamjua Gertrude, neno alikuwa nalo.

Ya pesa ya magoti sikusema. Siku moja ina nafasi ya aibu moja.

Syombua hakupiga kelele. Alikuja mpaka nilipo, akaongea polepole kama anahesabu. Akasema, Jumamosi ile nilikuja kwako, ukaninywesha chai. Basi. Akachukua kikapu chake akaenda.

Nilimfuata mpaka mwisho wa boma. Nikamwita. Aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi au anayeaga, sikujua ni kipi.

Jumamosi, 22 Machi

Mkopo umetoka. Mashine itajengwa upande wa Gertrude. Sikubisha.

Syombua ananisalimu. Ananiuliza habari ya Wendy, ya Baba Wendy, ya magoti. Anajibu yote ninayouliza. Lakini kanisani amehamia benchi la mbele, na maji anateka mapema ili asinikute. Juzi nilimpelekea kuku, akamrudisha na shukrani. Nikampelekea kitenge, akarudisha kimekunjwa vizuri kuliko nilivyokikunja. Ujumbe alioutuma ni kwamba hanidai kitu. Hilo ndilo linaniumiza. Angenidai ningejua pa kuanzia.

Usiku ndovu wamepita tena karibu na kwake. Anakaa gizani na debe anapiga peke yake. Nimewaza mpaka asubuhi. Leo nimeshuka Voi, na pale karibu na soko nimeona mwavuli, na kijana nadhifu chini yake anauza sola. Taa nne, na moja kubwa ya nje inayomulika mpaka shambani. Ndovu hawapendi mwanga. Nimesimama pale nikaona Syombua amelala usingizi.

Pesa sina. Kijana akasema hakuna haja ya pesa. Ninatoa kidogo leo, naenda nayo nyumbani, nyingine kidogo kidogo kila siku kwa simu. Akasema hawampi kila mtu, wanawapa wanaoaminika tu. Nikaona sura yake si ya Thadeus hata kidogo. Nikatia alama ya kidole kwenye fomu yake.

Mafundi wataenda kumfungia Syombua kesho akiwa kanisani, ili asiweze kurudisha. Haya mawazo ni yangu mwenyewe. Atarudi akute nyumba inawaka.

Kijana akataka nambari ya mtu wa karibu, wa kupigiwa siku nikichelewa kulipa. Gertrude siwezi. Baba Wendy hajui. Wendy atanigombeza. Nikampa ya Syombua. Ndiyo peke yake ninayoijua kwa kichwa.