Mto Unaopumzika Ijumaa na Jumapili

Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Nimefika mtoni saa kumi na mbili kamili! Déborah mgongoni, buti za Asistan miguuni (namba 44, mguu wangu 37), kaye, daftari la namba, kifuani chini ya kikwembe isilowe mvua. Ubao unasema sentimita 303. Nimeandika. Nimepiga mstari kwa rula. Mwandiko safi kabisa kwa mtu aliyeishia mwaka wa nne wa shule ya primaire.

Niandike yote hapa, katika daftari langu mwenyewe, nisije nikasahau siku nikiwa mashuhuri. Asistan Désiré wa iniversite anafanya utafiti wa hesabu juu ya mto Lualaba. Pale bandarini amepigilia ubao wenye namba kwenye nguzo ya zamani. Kila asubuhi muntu anasoma maji yamefika wapi, kisha namba zinaingia katika kitu anachokiita équation différentielle, ekwasyo kwa kinywa changu. Alinieleza mara tatu. Ukijua maji yako wapi leo, na yanapanda mbio gani, unajua kesho yatakuwa wapi. Nikamwambia hiyo naijua tangu Déborah aanze kutambaa: nikiona yuko wapi na anaenda mbio gani, najua atakuwa kwenye makaa. Asistan akayaandika maneno yangu! Kwa kalamu nyekundu!

Shida yake ni miaka ya vita. Mvua ya wakati ule padri mmoja aliiandika, lakini maji hakuna aliyeyapima, watu walikuwa wanakimbia. Kwa hiyo ekwasyo itajifunza kwetu jinsi maji yanavyofuata mvua, halafu irudi nyuma ijaze lile shimo.

Wasomaji wa ubao tuko wawili, tangu Septemba. Mimi, Odile, Jumamosi hadi Jumanne. Jirani yangu Aïcha Jumatano hadi Ijumaa. Majina yetu yatachapishwa katika kitabu cha doktora, ukurasa wa shukrani. Kitabu! Siku moja Déborah atakifungua, atasoma jina la mama yake. Aïcha alidai ifuatwe alfabeti. Bila shaka! A iko mbele ya O. Nilikataa. Asistan akaamua: mwenye siku nyingi njo wa kwanza. Nne kwa tatu. Nashinda.

Kuna jambo dogo tu. Jumapili. Kwaya inaanza saa kumi na mbili, mimi niko sauti ya kwanza, nguo ni nyeupe, na njia ya mtoni ni matope matupu. Nimwachie Aïcha Jumapili? Tatu kwa nne? Hata siku moja! Basi Jumapili naandika namba ya Jumamosi. Maji ni yaleyale. Nani ameumia?

Jumanne, tarehe 5 Novemba

306. Asistan amekuja nyumbani kuangalia kaye. Nimemkaangia mandazi. Mama yangu, Mama Claudine, akamketisha kwenye kiti kizuri, akamuuliza kama kweli hesabu yake inaweza kuona siku za vita. Akasema inaweza. Basi mama akaomba siku moja tu. Desemba ya tisini na nane, siku aliyonivusha Lualaba, mimi nina wiki sita. Tarehe anaijua vizuri, maana nilibatizwa juzi yake na kadi ya ubatizo iko. Maji yalikuwa yamefunika ngazi zote za bandari. Mtumbwi unapanda, unashuka. Akanitoa mgongoni akanifunga kifuani, kusudi tukizama, tuzame tunaangaliana.

Kaka zangu wanasema anaongeza chumvi. Mwaka hadi mwaka, wanasema, maji yanazidi kupanda. Kwa hiyo mama anataka namba. Namba hakuna wa kuiambia inaongeza chumvi.

Asistan ameahidi. Mama akamwita mutoto yangu, akampa mandazi yote. Hata yale yangu.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Asistan amefika mbio, shati nje, karatasi kichwani. Nikadhani anajifunika mvua. Hapana! Karatasi yenyewe njo habari! Amechora maji ya miezi miwili, na mstari haupandi kama kilima, unapanda kama ngazi. Unapanda, unapanda, unasimama. Unapanda, unapanda, unasimama. Mara mbili kila wiki Lualaba inapumzika! Labda ni mwezi, anasema. Labda kuna ziwa huko juu linavuta pumzi. Ameongeza kipande kipya ndani ya ekwasyo, kinazunguka kila siku saba. Hakuna muntu duniani aliyeona kitu kama hiki. Atakiita Jambo la Kindu, kwa jina la mji wetu.

Nikamuuliza polepole mto unapumzika siku gani.

Jumapili, akasema.

Nikajifanya namfuta Déborah makamasi. Déborah hakuwa na makamasi.

Na Ijumaa, akasema.

Ijumaa! Ijumaa si yangu! Ijumaa ni ya Aïcha, na Aïcha hana kwaya. Basi ya Ijumaa ni kweli. Na kama Lualaba inapumzika kweli Ijumaa, nani atasema haipumziki siku ya Mungu? Inawezekana sikudanganya hata mara moja. Inawezekana miezi miwili nzima nilikuwa nasema kweli bila kujua!

Kesho saa mbili ya asubuhi Asistan atakwenda mtoni kuona kwa macho yake, na Aïcha amekwisha kumwambia. Nimemtakia heri. Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu Aïcha amekuja kuazima nyundo. Nyundo! Siku ya Ijumaa! Siku ambayo nyumba ya baba mkwe wake inajaa wageni wa msikiti, na yeye anaamka na masufuria. Nilimuuliza anajenga nini. Akasema mguu wa meza umelegea. Meza yao ni ya plastiki. Naijua.

Nikamfuata. Nikamkuta ndani ya maji hadi kiunoni, anagonga misumari ya ubao. Nikapiga kelele mwizi! Akaruka, nusura nyundo yangu izame. Akaniambia nifunge kinywa, Mama Déborah, au nimweleze vizuri: Jumapili ninapoimba Aleluya, ubao unasomwa na nani? Na malaika?

Tukatazamana.

Kumbe! Kila Ijumaa anaandika namba ya Alhamisi. Tangu Septemba. Na Ijumaa hakutaka kuniachia, maana ingekuwa tano kwa mbili. Tulicheka mpaka Déborah naye akacheka. Halafu tukakumbuka saa.

Jana ilikuwa 312. Leo maji yako 315. Asistan anakuja kuona 312. Maji hayashuki kwa kubembelezwa, basi ubao njo upande! Sentimita tatu tu. Aïcha akalegeza, mimi nikasukuma. Matope yakateleza. Ubao ukapanda karibu kiganja kizima, msumari ukapinda, haukutaka tena kurudi. Na juu ya ngazi mtu akakohoa.

Asistan akavaa miwani. 304. Akasoma tena. 304! Lualaba haikupumzika tu, imerudi nyuma sentimita nane! Akavua kofia mbele ya mto kama mbele ya askofu. Akatushika mkono sote wawili, akatuita wanasayansi. Aïcha, nguo zinachuruzika, akamjibu tunajikaza tu, Asistan.

Jumapili hana haja tena ya kuja kuona. Anakwenda kujifungia na ekwasyo.

Jumanne, tarehe 12 Novemba

Siku ya mama imepatikana. Asistan ameileta kwenye karatasi nzuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.

61.

Mama akauliza sitini na moja njo nini. Njo mchanga, Mama, akasema Asistan kwa furaha yake yote. Siku ile katikati ya mto mchanga ulikuwa nje, hata mbuzi angepita bila kulowa tumbo.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Akaikunja karatasi mara nne. Akasema kama hesabu inasema vile, basi. Labda ni woga ulioongeza maji. Labda ulikuwa mchanga kweli. Halafu akaniangalia kama muntu anayeomba radhi, kwa miaka yote aliyonisimulia.

Nimefua kigauni kimoja cha Déborah mara tatu.

Nimepanga mpango. Kumwambia mama alikosea tarehe. Lakini kadi ya ubatizo iko. Mpango wa pili: kugeuza 61 iwe 561. Kalamu yangu ya bluu, ya Asistan nyeusi. Mpango wa tatu sipendi hata kuuandika. Ni kusema kweli. Jina langu litafutwa. Déborah atafungua ule ukurasa, hatamkuta mtu.

Jumatano, tarehe 13 Novemba

Mkutano wa hesabu kule iniversite. Aïcha na mimi tulialikwa, benchi la mbele kabisa. Nilivaa nguo ya kwaya.

Alikuwepo Profesa Ferdinand, mkubwa wa Désiré. Yeye ni wa hesabu safi, zile ambazo hazigusi maji wala udongo. Wanasema ana miaka tisa juu ya swali moja la algebra, na hana haraka. Désiré akachora ngazi zake. Profesa akauliza hiyo saba imetoka wapi. Saba anaipenda sana, akasema, ni namba yenye adabu, haigawanyiki ovyo. Lakini mto haujatundika kalenda ukutani. Désiré akaanza habari ya ziwa linalovuta pumzi.

Nikasimama. Déborah akasimama nami, alikuwa mgongoni, angefanya nini. Aïcha akanivuta nguo. Nikasema Jumapili njo mimi. Mto haupumziki, ni mimi ninaimba.

Kisha kando yangu nikasikia Aïcha naye anasimama. Na Ijumaa njo mimi, akasema, ninapika. Na ubao tuliupandisha. Mutusamehe. Nyundo ni yake.

Yangu! Hata pale!

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Profesa alicheka mpaka chaki ikavunjika mkononi. Désiré hakucheka. Aliitazama michoro yake kama muntu aliyetoka dukani asikute baiskeli. Njo pale nikalia. Nikamwambia afute jina langu, ni haki yake, lakini mama yangu asimwache mchangani.

Profesa akafuta macho. Akaniuliza siku zile nyingine tano ni za kweli? Za kweli, naapa, na mvua kichwani, na buti zinazokwama! Basi, akamwambia Désiré, toa Ijumaa, toa Jumapili, ekwasyo ijaze yenyewe. Ekwasyo inayotaka kujaza miaka mitano ya vita, ikishindwa kujaza siku moja ya pilau, ni ya nini?

Désiré akaondoka bila kutuaga.

Jumamosi, tarehe 16 Novemba

Amekuja! Alikwenda kwanza bandarini, akatafuta matundu ya zamani ya misumari, akapima. Tuliupandisha ubao sentimita kumi na moja. Amesahihisha kila kitu. Mstari wake hauna ngazi tena. Ni kilima, kilima kizuri, unapita juu ya Ijumaa na Jumapili kama mutoto anayeruka madimbwi. Anakubali ni mzuri kuliko Jambo la Kindu. Anakubali kwa shida.

Halafu akatoa karatasi ya mama.

547. Ngazi za bandari zinaishia 540.

Mama aliisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa kidole. Tano. Nne. Saba. Akauliza kama zimefunikwa zote. Zote, Mama, akasema Désiré, na maji yanabaki. Mama akaomba simu. Amewapigia kaka zangu mmoja baada ya mwingine. Chumvi! akawa anawaambia. Chumvi iko kwenye vichwa vyenu! Alipomaliza akamchukua Déborah, akamfunga kifuani kwa kikwembe, akazunguka naye uwanja wote. Déborah akalala. Mimi nikapata kazi ya kukata vitunguu, ili watu wasiulize macho yangu yana nini.

Na ukurasa wa shukrani! Désiré ametuonyesha. Hakufuta jina. Imeandikwa: Kwa Bibi Odile, siku tatu kwa wiki, na kwa Bibi Aïcha, siku mbili kwa wiki.

Tatu kwa mbili! NASHINDA!

Aïcha akasema watu wastaarabu wanafuata alfabeti. Nikamwambia watu wastaarabu wanarudisha nyundo.

Jumapili, tarehe 17 Novemba

Nimeimba vizuri. Wakati wa mahubiri nilikuwa nafikiri hesabu, Mungu anisamehe, ilikuwa hesabu ya kweli.

Ekwasyo imejaza Ijumaa yenyewe. Imejaza Jumapili yenyewe. Imejaza miaka mitano ya vita, hakuna muntu aliyetia mguu majini. Basi Jumatatu, siku yangu ya kufua, itaishinda? Haiwezi kuishinda. Na Jumanne? Na mimi kwa nini nikokote buti namba 44 kwenye matope, na ekwasyo naielewa? Maji yako wapi leo, yanapanda mbio gani. Tatu kila siku.

Nimekaa chini mchana huu, Déborah amelala, nimejaza kaye nzima mpaka mwisho wa Desemba. Rula, kalamu ya bluu, hakuna doa hata moja. Na siku za Aïcha nimezijaza pia, sijamwambia. Sasa ni saba kwa sifuri. Kesho asubuhi nampelekea Désiré. Atashangaa!

Tarehe moja tu ilinisumbua. Ya 25 Desemba nimeandika namba ileile ya 24. Noeli ni Noeli, mto nao una haki ya kupumzika.