Shimo la Futi Nane

Maluki wa Gitothua alikuwa akinywa chai kando ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika aliposikia mama mmoja akiitisha chokaa magunia mawili.

"Ng'ombe wangu amekufa huko Gatuanyaga," mama alimwambia muuzaji. "Na serikali haitaki mzoga uachiwe mbwa. Ni shimo, chokaa, na daktari wa mifugo ashuhudie."

"Pole sana, Mama Mbula."

Wahenga walisema kufa kufaana, na Maluki hakuwa mtu wa kubishana na wahenga. Katika mtaa wa Kahawa Sukari alikuwako Janice, mfugaji wa mbwa wakali, aliyenunua nyama bila kuuliza imetoka wapi. Tatizo lilikuwa hakimu. Mwezi uliopita alimwachilia Maluki kwa onyo: akikamatwa tena akijifanya afisa, ni miaka miwili ndani. Maluki alilitafakari onyo hilo kwa heshima mpaka chai ikaisha.

Kesho yake asubuhi alishuka Gatuanyaga kutoka kwenye pikapu ya kukodi, amevaa koti jeupe, gambuti, na uso wa matanga.

"Mimi ni afisa wa mizoga, mama."

Mama Mbula alimtazama kuanzia gambuti hadi utosini. "Karibu, Daktari. Tumekungoja sana." Akamwonyesha turubai nyuma ya nyumba, limefunika kitu kikubwa.

"Usiguse!" Maluki alipaaza sauti. "Huo ni ugonjwa wa kimeta! Mwananchi haruhusiwi kugusa mzoga wala kuchimba shimo lake. Ni afisa peke yake. Nitaubeba tukauchome."

"Ngai! Wacha basi nimwite chifu."

Akaenda kando na simu. Kabla Maluki hajatunga uongo wa kumzuia, mzee mmoja, Mutie, aliingia na kofia yenye beji, fimbo kwapani.

"Kimeta hakisafirishwi," Mutie alisema. "Mzoga unazikwa hapa hapa, futi nane. Na nasikia anayeruhusiwa kuchimba ni wewe tu. Ama nipigie ofisi yenu niulize?"

"La, mzee! Nane ni sawa kabisa."

Akachimba. Dereva alichoka kungoja, akaondoka na pikapu yake. Udongo wa Gatuanyaga hauna huruma, na Maluki hakuwahi kushika jembe tangu shule ya msingi. Saa saba alichungulia kutoka shimoni, viganja vimechubuka.

"Mzee, shimo jembamba hivi, ng'ombe ataingia?"

"Ataingia amesimama. Ni amri mpya."

Maluki, mtunzi wa amri mpya, akainama kuchimba tena. Mbula akamteremshia uji kwa ndoo.

Jioni walimvuta juu kwa kamba. Mutie akavua kofia, akampa Mbula. "Mrudishie bawabu wa shule." Kisha akafunua turubai: mifuko ya simiti, mawe, na kifuniko cha zege chenye tundu katikati. Akachukua mwiko.

"Ng'ombe yuko wapi?" Maluki aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alizikwa jana jioni, mwanangu. Daktari alikuja mwenyewe," Mbula alisema. "Choo changu ndicho kilichobomolewa na mvua, na watu wa afya wamenipa mpaka Ijumaa. Huyu ni ndugu yangu. Ni fundi."

Maluki alipandwa na hasira. Kujifanya chifu ni kosa! Alifungua mdomo awatishie kwa polisi, kisha akakumbuka koti alilovaa. Akalivua, akalikunja, akashika njia kwa miguu.

"Daktari!" Mbula alimwita kutoka langoni. "Jirani yangu Kaveke punda wake anaumwa. Akifa tukuite?"